Samaki ni mboga: jinsi kamusi ya dhana inavyopanga maana ndani ya kompyuta

Pita Soko la Majengo hapa Dodoma jioni, wakati watu wanatoka kazini, utawasikia wakiulizana leo mboga ni nini. Mmoja atajibu dagaa, mwingine mlenda, mwingine maziwa ya mgando. Hakuna aliyekosea, kwa sababu wote wanazungumzia kile kitakacholiwa na ugali. Sasa ipe kompyuta majibu hayo matatu, kisha iambie kwamba mboga ni mmea. Itahitimisha kwamba dagaa huota shambani na maziwa yana mizizi. Hesabu yake itakuwa sahihi kabisa. Tatizo liko kwenye maarifa tuliyoipa.

Hilo ndilo tatizo ambalo kamusi ya dhana imebuniwa kulishughulikia. Kamusi tuliyoizoea hutoka kwenye neno kwenda kwenye maana. Ukiifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, utaikuta mboga imepakana na mbogo kwa sababu ya herufi tu, huku kitoweo kikiwa kurasa nyingi nyuma yake. Msomaji hasumbuki, kwa kuwa anajua tayari kwamba mboga na kitoweo ni jamaa na kwamba mbogo ni nyati tu. Kompyuta haina pa kulijulia hilo. Kwa hiyo kamusi ya dhana inaugeuza mpangilio. Inaanza na dhana, inaipa dhana hiyo namba yake, inaorodhesha maneno yanayoitaja, kisha inaifunga na dhana nyingine kwa viungo vyenye majina: hii ni aina ya ile, hii ni sehemu ya ile, hii husababisha ile.

Kazi mbili kubwa za aina hii zilianza karibu wakati mmoja. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, mwanasaikolojia George Miller na wenzake walianza kujenga WordNet. Walitaka kuona kama mpangilio wa maneno katika kumbukumbu ya binadamu, kama wanasaikolojia walivyoudhania, ungeweza kujengwa kwa lugha nzima. Leo toleo lake la 3.0 lina seti za visawe 117,659, na kila seti inahesabiwa kuwa dhana moja. Mwaka 1986 Wajapani wakaanza mradi wa kamusi ya elektroniki ya EDR, uliochukua miaka tisa na kuzaa kamusi ya dhana yenye dhana zipatazo 400,000. Tofauti kati ya kazi hizi mbili si ndogo. Katika WordNet, dhana ni kundi la maneno ya Kiingereza yenye maana moja. Katika EDR, dhana inasimama peke yake na namba yake, na kamusi ya maneno ya Kijapani na ile ya Kiingereza kila moja inaielekezea kidole kutoka upande wake. Nitalirudia jambo hili, maana kwa Kiswahili lina uzito.

Kabla ya kuunganisha dhana, lazima uzitenganishe. Chukua neno panda. Kuna kupanda mbegu, kuna kupanda mlima, na kuna panda ya njia panda. Hizo hazina udugu wa maana. Umbo la neno limegongana tu, na wanaisimu huziita homonimu. Kichwa ni habari nyingine. Kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha treni inayoingia stesheni ya Dodoma vinahusiana waziwazi, kwa sababu vyote ni kitu cha juu au cha mbele kinachoongoza kingine. Hiyo ni polisemia, yaani neno moja lenye fahiwa, au maana, kadhaa zilizochipuka kutoka moja. Kompyuta inahitaji namba tofauti kwa kila fahiwa katika hali zote mbili, ila kwenye polisemia ni vizuri pia kuiambia kwamba fahiwa hizo ni za ukoo mmoja.

Ugumu ni kujua pa kuacha kugawa. Kupanda juu ya mti, kupanda basi, bei kupanda, mtu kupanda cheo: je, ni fahiwa nne au moja? Vipo vipimo viwili ninavyoviamini. Cha kwanza ni kinyume chake. Zote nne zinapingana na kushuka kwa namna fulani, jambo linaloonyesha kwamba zimekaribiana, ilhali kupanda mbegu hakuna uhusiano wowote na kushuka. Cha pili ni kuziunganisha katika sentensi moja. Sema “mafuta na mtoto vimepanda, kimoja bei na kingine mwembe” na msikilizaji yeyote atakunja uso. Hapo panahitaji mpaka. Watafiti waliojenga hazina ya maandishi ya OntoNotes walijiwekea kanuni nyingine ya busara: waliendelea kuunganisha fahiwa zilizogawanywa mno mpaka watu wawili waliokuwa wakiweka alama ya fahiwa kwenye maneno, kila mmoja peke yake, wakubaliane karibu mara 90 katika 100. Nadhani kanuni hiyo inafaa kutangulia kila kamusi ya dhana ya Kiswahili. Tofauti ambayo wasemaji wenyewe hawawezi kuiona pamoja haina sababu ya kupewa namba.

Tukiirudia mboga kwa vipimo hivyo, zinatokea fahiwa mbili. Ya kwanza ni majani au tunda la mmea linalopikwa: mchicha, matembele, kisamvu, bamia. Kisawe chake cha karibu ni mboga za majani, ingawa bamia halikai vizuri humo. Ya pili ni chochote kinacholiwa na ugali au wali, na hapo kisawe ni kitoweo. Mlenda unaingia kote kuwili. Unatokana na majani ya mimea zaidi ya mmoja, mingine ya porini, yanayoteleza yakipikwa. Na ukiwa tayari kwenye bakuli ni mboga kwa maana ile ya pili. Huku kwetu huuzwa pia mkavu, umekwisha kusagwa, na hapo bado unaitwa mlenda. Kamusi ya dhana inayoruhusu kila dhana kuwa na mzazi mmoja tu itakwama hapa. Ni lazima iruhusu wawili.

Hata hivyo bado hatujamaliza, kwa sababu kiungo cha “ni aina ya” ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kuliko vyote, na ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Kiungo hicho kina kanuni ya urithi: kila kilicho kweli kuhusu mzazi ni kweli kuhusu mtoto. Ng'ombe ni aina ya mnyama, mnyama hupumua, basi ng'ombe hupumua. Huhitaji kuiandika sentensi ya mwisho. Kompyuta inaipata yenyewe. Uzuri huo ndio hatari yake, kwa sababu kosa moja juu kwenye ngazi linashuka hadi chini kwa maelfu ya dhana.

Sasa jaribu hii: mbunge ni aina ya mtu. Inasikika sawa. Hapa Dodoma tunawaona wabunge wakija na kuondoka kila mkutano wa Bunge, na tunajua kwamba Bunge likivunjwa, aliyekuwa mbunge anabaki mtu yuleyule bila ubunge. Utu hauondoki, ubunge unaondoka. Nicola Guarino na Christopher Welty, katika mbinu yao inayoitwa OntoClean, walilifanya jambo hili kuwa kipimo rasmi: kuna sifa ambazo kitu hakiwezi kuzipoteza kikaendelea kuwapo, na kuna sifa ambazo ni nafasi tu ambayo kitu kinaishika kwa muda. Ng'ombe hawezi kuacha kuwa ng'ombe. Lakini anaweza kuacha kuwa mfugo, na mtu anaweza kuacha kuwa mwanafunzi, mjane, abiria au mbunge. Kanuni inayofuata ni rahisi kuikumbuka: kitu cha nafasi kinaweza kuwa chini ya kitu cha asili, lakini kamwe kisiwe juu yake. Mbunge chini ya mtu, sawa. Ng'ombe chini ya mfugo, hapana, kwa sababu utakuwa umesema kwamba kila ng'ombe duniani anafugwa.

Hapo ndipo fahiwa ya pili ya mboga inapopata makao yake. Mboga inayoliwa na ugali ni nafasi, si aina. Samaki hashuki kutoka kwenye mboga kama ng'ombe anavyoshuka kutoka kwenye mnyama. Samaki hushika nafasi ya mboga pale anapowekwa mezani na ugali. Kiungo sahihi hakisemi “samaki ni aina ya mboga”. Kinasema “samaki hutumika kama mboga”, na kiungo hicho hakirithishi chochote kuhusu mizizi wala majani. Tatizo la dagaa wanaoota shambani linaisha bila mtu yeyote kulazimishwa kuacha kuita samaki mboga. Mimi naliona hili kuwa jambo la msingi. Kamusi inayofanya kazi vizuri hairekebishi usemi wa watu ili ulingane na mchoro wa dhana na viungo vyake. Mchoro ndio unaotafutiwa kiungo kinachokosekana.

Kuna mkanganyiko mwingine mdogo unaofanana na huo. Dodoma si aina ya jiji; ni jiji mojawapo. Kwa miaka mingi WordNet ilitumia kiungo kilekile kwa aina na kwa vitu mahususi, hadi toleo la 2.1 lilipovitenganisha. Tena vitu mahususi hubadilika hadhi. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kwa hiyo kiungo kati ya Dodoma na dhana ya jiji kinapaswa kubeba tarehe. Dhana ya jiji yenyewe haihitaji tarehe yoyote.

Kiungo cha sehemu nacho kina mitego. Kichwa ni sehemu ya mbunge, mbunge ni sehemu ya Bunge, lakini hakuna anayesema kichwa chake ni sehemu ya Bunge. Mnyororo unakatika kwa sababu “sehemu” ya kwanza ni kiungo cha mwili na ya pili ni uanachama. WordNet inazitofautisha sehemu za namna tatu: kipande cha kitu kizima, mwanachama wa kundi, na maada inayokifanya kitu. Jaribu hayo kwa mahindi ya Kibaigwa, kwenye lile soko kubwa la nafaka wilayani Kongwa. Punje ni sehemu ya hindi, gunzi pia, na hindi ni sehemu ya mmea pamoja na bua. Lakini unga si sehemu ya hindi, wala si aina ya hindi. Unatokana na hindi. Dona na sembe ni aina za unga wa mahindi, na kinachozitofautisha ni hatua moja tu, yaani kukoboa: sembe inatokana na mahindi yaliyokobolewa, dona na yasiyokobolewa. Ukitaka kompyuta ijue kwamba bei ya mahindi Kibaigwa inamhusu anayenunua dona mjini, unahitaji kiungo cha “hutokana na”. Ajabu ni kwamba kiungo hicho, ambacho ni cha lazima kwa yeyote anayejali chakula, hakimo katika vile viungo vikuu vya WordNet ambavyo watu hunakili.

Kiswahili kina zawadi zake kwa kazi hii, na ni aibu kuziacha. Nyingi ya nomino zetu zinaonyesha uhusiano wake kwa umbo. Mzabibu huzaa zabibu, mwembe embe, mpera pera, mkaranga karanga. Kanuni moja ya programu inaweza kupendekeza mamia ya viungo kati ya mmea na zao lake kwa dakika chache. Neno “kupendekeza” nimelichagua kwa makusudi. Mfuko na fuko vinafanana kwa umbo na mzabibu na zabibu, lakini fuko ni mfuko mkubwa, si tunda la mfuko. Na alizeti, inayolimwa sana kanda hii, ni mmea na ni mbegu kwa jina lilelile. Umbo linatoa dokezo. Mtu ndiye anayethibitisha.

Vitenzi ni tajiri zaidi. Lala na laza, lia na liza, pona na ponya, kumbuka na kumbusha: kila jozi ina kiungo cha kusababisha, na kinasikika kwenye neno lenyewe. Funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua: hapa kuna kiungo cha kutendua, kile ambacho sarufi zetu hukiita kauli ya kutendua. Wenye lugha nyingine nyingi hulazimika kuandika viungo hivi kimoja kimoja kwa mkono. Mitego haikosekani. Tumia ilitoka kwenye tuma, lakini leo anayetumia jembe hatumi chochote. Endesha haimaanishi tu kumfanya mtu aende. Nunua na sugua hazitendui kitu. Na pakua ni fundisho zuri: kupakua mizigo ni kinyume cha kupakia, lakini kupakua ugali hakuna upakiaji wowote uliotangulia, wakati kupakua faili kutoka intaneti kumerudi kuwa na mwenzake, kupakia. Ndiyo maana kinyume huunganisha neno katika fahiwa fulani na neno jingine katika fahiwa fulani. Ukiunganisha neno zima kwa neno zima, umeharibu.

Kuna na viungo vya nafasi katika tendo. EDR ilivitumia sana: mtenda, mtendwa, kifaa, mahali, chanzo, lengo. Mama anatwanga uwele kwenye kinu kwa mchi. Twanga ina mtenda, ina nafaka, ina mchi kama kifaa na kinu kama mahali. Saga ina nafaka ileile lakini kifaa chake ni mashine au jiwe. Ukivifunga viungo hivyo, programu ya tafsiri ikikutana na mchi na uwele katika sentensi moja itajua kwamba tendo linalokisiwa ni kutwanga hata kama kitenzi kimeandikwa vibaya.

Sasa swali la mpango mzima. Watu wa mradi wa EuroWordNet, uliofanyika Ulaya kati ya 1996 na 1999, walizungumzia njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua mifupa ya WordNet ya Kiingereza na kujaza maneno ya lugha yako. Ni ya haraka, na ndiyo iliyotumika Afrika Kusini kuanzisha mitandao ya dhana ya lugha kama isiZulu na Setswana. Ya pili ni kujenga mtandao wako kutoka ndani ya lugha, kisha kuuoanisha na wa wengine. Ya pili ni ya polepole na ina gharama. Kwa dhana za kemia au za kompyuta, njia ya kwanza inatosha. Kwa chakula, ukoo, kilimo, mifugo na hali ya hewa, njia ya kwanza inavunja viungo vya lugha yetu, na sioni namna ya kulikwepa hilo. Mboga ya ugali haina pa kukaa katika mifupa hiyo. Tena WordNet imegawa nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi katika mitandao minne yenye madaraja machache kati yake. Sisi tunasema zabibu zimeiva, mzee amechoka, watoto wameshiba. Hali nyingi tunazibeba kwa kitenzi. Kinyume cha kushiba ni kuwa na njaa, kitenzi kwa upande mmoja na nomino kwa mwingine. Ukijaza mifupa ya Kiingereza, mtandao wa vivumishi vya Kiswahili utabaki na mashimo, na watu watafikiri lugha ndiyo yenye upungufu.

Hapo namba za EDR zinanivutia. Dhana ikiwa na namba yake, Kiswahili kinaweza kuielekeza kwa kitenzi, Kiingereza kwa kivumishi, na Chigogo kwa njia yake, bila mmoja kumvika mwingine nguo zake. Wazo la namna hiyo linaendelea leo katika faharasa ya pamoja ya dhana inayounganisha mitandao ya lugha mbalimbali.

Wengine watauliza kama haya yote yana maana sasa hivi, wakati akili mnemba inajifunza maana yenyewe kwa kusoma maandishi mengi. Yana maana. Njia hizo, tangu zilipopata umaarufu mwaka 2013 na programu ya word2vec, huiweka maana ya neno kulingana na majirani zake katika sentensi. Panda na shuka zina majirani walewale: bei, basi, ngazi, joto. Kwa kipimo cha ujirani zinaonekana karibu kuwa ndugu, ilhali ni kinyume. Kiungo kimoja kilichoandikwa na mtu kinaweza kutumika kuipima mashine na kuisahihisha. Hata mbinu kongwe ya Michael Lesk ya mwaka 1986, inayochagua fahiwa kwa kuhesabu maneno yanayofanana kati ya ufafanuzi wake na fafanuzi za maneno jirani katika sentensi, bado inafanya kazi vizuri pale fafanuzi zinapoandikwa kwa uangalifu: katika “alipanda mahindi mapema”, neno mbegu au zao lililomo katika ufafanuzi wa mahindi litapatikana katika ufafanuzi mmoja tu wa panda.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha informatiki na kinafundisha Kiswahili, na kina wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi. Ningependa kuona kazi ndogo ikianzia hapo: dhana za chakula cha Kanda ya Kati tu, kuanzia shamba la uwele na mtama hadi sahani. Kila dhana iwe na namba, ufafanuzi wa sentensi moja, mifano miwili ya matumizi iliyosikika kweli, jina la wilaya ilikosikika, na angalau kiungo kimoja kilichothibitishwa na wasemaji wawili wasioonana. Wakitofautiana, tofauti yao iandikwe pamoja na wilaya zao, kwa sababu mtu wa Kondoa na mtu wa Mpwapwa wanaweza wote kuwa sahihi.